Dereva wa Kanzidata

Praxeda aliajiriwa kuwa mtaalamu wa mifumo katika hospitali moja ya binafsi pale Raskazone, Tanga, lakini kwa miezi minane ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha wino wa printa na kumkumbusha meneja neno lake la siri. Hakulalamika. Alizaliwa Pongwe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, baba mkata mkonge, mama mwimba kwaya kanisani, na kwao mtu aliyepata kazi ya kukaa kwenye kiti hakutarajiwa kulalamika mbele za watu.

Kisha mfumo wa hospitali ukaanza kutambaa.

Mapokezi palikuwa na Bi Saleha, mwanamke wa Mwera aliyekaa dirisha lile miaka ishirini na mitatu, kwanza na madaftari, halafu na kompyuta. Zamani mgonjwa akitoa kadi, Bi Saleha alichapa namba na faili likatokea kabla mgonjwa hajamaliza kusema shikamoo. Sasa mgonjwa alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mkwe aliyekwenda Muheza, na faili bado. Mabenchi yakajaa. Watu wakaketi vibarazani, wengine kwenye ngazi, na wenye homa wakawalalia wenye vidonda.

Meneja, Bwana Ernesti, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vikao. Kikao cha kwanza kiliamua kwamba wagonjwa wanakuja mapema mno. Cha pili kiliamua kwamba mtandao wa intaneti una shida, mpaka Praxeda alipoeleza kwamba mfumo wao hautumii intaneti, maelezo ambayo hayakuandikwa kwenye muhtasari. Cha tatu kiliamua kwamba Bi Saleha amezeeka vidole. Akaandikiwa barua ya onyo, yenye mhuri, ikimtaka aongeze kasi ya kuchapa.

Kwenye kikao cha nne akaletwa Anold, mshauri kutoka Dar es Salaam, aliyevaa suti ya bluu katika joto la mwezi wa tatu bila kutoka jasho. Ndiye aliyekuja mwezi wa kwanza kuweka matoleo mapya ya programu zote za hospitali, akapiga picha mlangoni na kuondoka. Sasa alitamka neno miundombinu mara kumi na saba. Praxeda alihesabu, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kufanya kingine. Hitimisho la Anold lilikuwa kwamba seva ya hospitali, mashine inayotunza mafaili yote, imechoka. Inahitajika mpya, kubwa, na yeye anajua inakopatikana.

"Tumeshaipima iliyopo?" Praxeda aliuliza.

Anold alimtazama kama mtu anayetazama kiti kilichozungumza. "Dada, ukishafanya kazi hii muda mrefu, unapima kwa macho."

Kikao kikacheka, seva ikaagizwa, na Jumatano mbili mbele ikapangwa siku ya uzinduzi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Praxeda alishika simu yake na kwenda mapokezi.

"Shikamoo Bi Saleha."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo ujionee maajabu."

Bi Saleha alichapa namba ya kadi. Praxeda akawasha saa ya simu. Sekunde arobaini na tatu. Namba nyingine: arobaini na moja. Nyingine: arobaini na nne. Ikaja zamu ya bibi mmoja aliyesahau kadi nyumbani. Bi Saleha akamtafuta kwa jina, na faili likaruka kwenye kioo papo hapo.

Praxeda aliinuka kitini. "Kwa jina linatoka?"

"Jina linatoka. Namba ndiyo inayogoma. Nilimwambia Bwana Ernesti, akanijibu nisiingilie mambo ya kitaalamu."

"Tangu lini?"

"Tangu yule wa suti aje mwezi wa kwanza. Na hilo nilisema." Bi Saleha akapunguza sauti. "Kuna jingine. Mzee Hatibu, yule wa Chumbageni, namba yake sifuri nne moja saba. Juzi nimeichapa, yakaja mafaili mawili. La kwake, na la mwanamke wa kliniki ya wajawazito. Nesi mgeni akachukua la juu. Basi mzee wa miaka sabini na nne akaulizwa mimba ina wiki ngapi."

"Akajibuje?"

"Akasema yeye amekuja na goti."

Praxeda alicheka, kisha akachomoa kalamu. "Na huyo mwanamke, namba yake ngapi?"

"Sifuri sifuri nne moja saba. Madaftari ya zamani yalikuwa mawili, mwanangu. La wodi ya wazazi lilianza na sifuri mbili, la wengine sifuri moja. Ndivyo tulivyowatofautisha."

Praxeda hakungoja zaidi. Alirudi kwenye chumba chake, ambacho kabla yake kilikuwa stoo ya mashuka, akafungua kanzidata, hazina ya rekodi zote za wagonjwa, na kusoma maswali yalivyokuwa yakiifikia.

Kati ya programu ya mapokezi na kanzidata kuna kipande cha programu kinachobeba maswali kwenda na majibu kurudi. Wenye kazi hiyo hukiita draiva. Bi Saleha akichapa 0417, draiva inatakiwa kuipeleka ndani ya alama za nukuu, kwa maana kwamba haya ni maandishi, yaacheni na sifuri yake. Praxeda alitazama kioo. Alama za nukuu hazikuwepo. Sifuri haikuwepo. Kilichofika ni 417, tupu, kama hesabu ya mbuzi.

Yote yakamfungukia. Kanzidata ilikuwa na faharasa safi ya namba za kadi, inayofanya kazi kama ile ya mwisho wa kitabu: unaona neno, unaenda ukurasa wake. Lakini namba zile zilihifadhiwa kama maandishi. Ukiuliza kwa tarakimu tupu, faharasa haisaidii kitu. Inabidi ichukuliwe rekodi moja moja, igeuzwe kuwa tarakimu, ilinganishwe, iwekwe chini, ichukuliwe nyingine. Rekodi za mahudhurio zilikuwa milioni sita. Kila mgonjwa aliyetoa kadi dirishani, mashine ilipekua zote milioni sita kumtafuta yeye mmoja. Na kwa kuwa sifuri zilipotea njiani, Mzee Hatibu na mama mjamzito wakawa mtu mmoja.

Draiva haikuanza ujinga huo yenyewe. Praxeda aliusoma ukurasa wa watengenezaji wake, na humo wakajisifu kwamba toleo jipya linakisia lenyewe aina ya kila kinachopita, ili kumpunguzia mwandishi wa programu usumbufu. Likiona tarakimu linadhani ni hesabu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, wakaeleza namna ya kuizuia tabia hiyo: mstari mmoja. Anold aliweka toleo hilo bila kusoma mpaka chini. Pengine hata juu hakusoma.

Praxeda aliujaribu mstari ule kwenye nakala ya kanzidata. Alichapa 0417 na kubonyeza, na kabla kidole hakijarudi kwenye saa ya simu Mzee Hatibu alikuwa amejaa kioo kizima, peke yake, na goti lake.

Siku ile alitembea kama mtu aliyepewa zawadi. Akaandika taarifa fupi kwa meneja, kwa adabu zote: "Chanzo cha tatizo ni draiva. Draiva inabadilisha namba za wagonjwa njiani na kuchelewesha kazi ya hospitali nzima. Napendekeza izuiwe mara moja."

Bwana Ernesti aliisoma akiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliona jinsi Kiswahili cha vijana kilivyoharibika. Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha "draiva" kuwa "dereva", "inabadilisha" kuwa "anabadilisha", kisha akachukua hatua.

Saa nne ya asubuhi iliyofuata, Rama, dereva wa gari la wagonjwa, alikabidhiwa barua ya kujieleza kwa nini anabadilisha wagonjwa njiani na kuchelewesha kompyuta. Rama alikuwa mtu wa heshima, baba wa watoto wanne, aliyeendesha gari lile miaka kumi na moja bila kugonga hata kuku. Akaomba karatasi, akakaa juu ya tairi kuukuu na kujibu kwa mwandiko wa shule: "Nakiri kupokea barua yako. Siku uliyotaja nilikuwa Mwera kumchukua mama mjamzito. Nilimchukua yeye na nikamfikisha yeye, sikumbadilisha na mtu yeyote. Kompyuta siijui, wala sijawahi kuipakia."

Kisha akaja mlangoni kwa Praxeda, nakala mkononi.

"Dada Praxeda, nimekukosea nini?"

Praxeda alipoisoma barua aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Kaka Rama, si wewe. Wallahi si wewe." Alikuwa Mkatoliki, lakini Tanga watu hukopeshana viapo. "Nilisema draiva. Ni programu."

"Inaitwa dereva?"

"Inaitwa draiva."

"Na ina leseni?"

Hakuwa akitania. Praxeda alimwomba amngoje, akaenda moja kwa moja kwa meneja, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakubisha hodi mara tatu.

Alieleza kila kitu taratibu, akachora hata picha. Bwana Ernesti alisikiliza, akiwa ameunganisha vidole.

"Kwa hiyo draiva si mtu," alisema mwishowe.

"Si mtu, bwana."

"Basi ungeandika kwamba si mtu."

"Nimekosea. Lakini dawa yake ni mstari mmoja. Naweza kuuweka sasa hivi, mchana huu foleni iishe."

Meneja aliachanisha vidole. Uso wake ulipata wasiwasi ambao foleni ya wagonjwa haikuwahi kuuleta. "Mchana huu?"

"Ndiyo."

"Praxeda, seva imeshafika. Iko kwenye boksi pale ukumbini. Mwenyekiti wa bodi amekubali kuwa mgeni rasmi. Keki imeagizwa. Ukirekebisha leo, Jumatano mgeni rasmi atazindua nini?"

Praxeda aliiacha keki, akashika lile la muhimu. "Bwana, mafaili yanachanganyika. Mtu anaweza kupewa dawa ya mwenzake."

"Wauguzi wawe makini. Ni siku tano tu. Usiguse kitu. Hiyo ni amri, na nitaiandika."

Na kweli aliiandika. Kwa mambo ya kuandika hakuwahi kuchelewa.

Praxeda alitoka akihesabu moyoni. Kazi ile ndiyo iliyoweka bati jipya kwao Pongwe. Amri ilikuwa na mhuri. Angeweza kungoja siku tano, kama walivyongoja wengine miezi miwili, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Alikuwa amefika mapokezi na mawazo hayo aliposikia Bi Saleha akipaza sauti, jambo ambalo Bi Saleha hakulifanya hata siku moja.

"Nesi! We nesi, rudi! Rudi na huyo binti!"

Nesi alikuwa ameshafika mlango wa chumba cha dawa, akimwongoza msichana mwenye tumbo la miezi saba, faili mkononi. Bi Saleha alitoka nyuma ya dirisha, akavuka watu, akalinyakua faili. Lilikuwa la mwanamume wa Pangani mwenye ugonjwa wa moyo, na vidonge vyake vya mwezi mzima vilikwisha andikwa juu. Msichana alitazama huku na huko, akauliza kama amekosea. Bi Saleha akamshika mkono. "Hujakosea mama. Kaa hapa nilipo mimi."

Praxeda alirudi kwenye stoo ya mashuka, akakaa, akaandika ule mstari, akaizima programu ya mapokezi na kuiwasha upya. Nje wanaume walikuwa wakijiandaa kwa sala ya Ijumaa na mapokezi palikuwa patulivu kidogo. Hakuna aliyejua kilichofanyika, ila Bi Saleha, ambaye alichapa namba, akatazama kioo, akachapa nyingine, kisha akageuka polepole kuelekea mlango wa stoo ya mashuka na kuinua kidole kimoja kama anayeshuhudia.

Jumatatu mabenchi yalikuwa matupu. Bwana Ernesti alipoyaona aliingiwa na hofu kwamba wagonjwa wamehamia kwingine, akataka kuitisha kikao. Ikabidi aelezwe kwamba wagonjwa wamekuja kama kawaida, ila sasa wanahudumiwa. Anold, aliyefika siku hiyo kusimamia uzinduzi, alitazama kazi ya Bi Saleha kwa sekunde chache, akarekebisha tai yake.

"Mnaona?" alisema. "Tumeshaanza kuhamisha mzigo taratibu."

Seva ilikuwa bado ndani ya boksi.

Ilitolewa Jumanne, ikasimamishwa ukumbini, nyeusi, ndefu kama kabati la nguo, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba plagi yake haiingii kwenye soketi yoyote ya hospitali. Ilikuwa plagi ya duara, nene, rangi ya bluu, ya viwandani. Fundi umeme aliigeuza mara mbili, akasema soketi yake itatoka Dar es Salaam baada ya wiki. Anold akatafakari. Kisha akaagiza waya ufichwe nyuma ya chungu cha maua.

Jumatano ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa bodi alikata utepe. Anold alieleza miundombinu. Bi Saleha, aliyevishwa skafu kwa ajili ya siku hiyo, akaombwa aoneshe maajabu ya seva mpya: akachapa namba, faili likatokea, watu wakapiga makofi. Akachapa nyingine, makofi tena. Mwenyekiti aliipapasa mashine ubavuni kama anayempongeza ng'ombe aliyetoa maziwa mengi.

"Haina hata kelele," alisema kwa mshangao.

"Za kisasa hazina kelele," alisema Anold.

Rama alikuwa amesimama nyuma, karibu na chungu cha maua, kwa sababu huko ndiko madereva huwekwa. Akainua mkono. Mshereheshaji, kwa kosa ambalo angelijutia, akampa nafasi.

"Samahani mgeni rasmi. Mimi ni dereva, mambo haya siyajui. Naomba kuuliza tu, hii mashine inatumia mafuta gani? Maana plagi yake ninayo hapa."

Akaiinua. Ilikuwa bluu kweli.

Ilisikika keki ikifunuliwa chumba cha pili. Praxeda alitazama sakafu na kujiuma shavu la ndani. Anold alifungua mdomo, akaufunga, kisha akautumia. "Ina chaji yake ya ndani," alisema. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa. "Teknolojia," akasema, na makofi yakapigwa kwa mara ya tatu, marefu kuliko yote, na watu wakaenda kula keki.

Alasiri Bwana Ernesti alimwita Praxeda. Alikuwa amekaa bila kikombe.

"Uligusa," alisema.

"Niligusa, Ijumaa."

"Nilikuandikia amri."

"Ninayo. Nimeitunza vizuri, pamoja na tarehe. Na jina la yule binti aliyekaribia kumeza dawa za moyo nimeliandika pia."

Meneja alitazama dirishani, ambako Anold alikuwa akipigwa picha na seva. "Bodi inataka taarifa ya mafanikio," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye mtaalamu wetu. Inabidi uisaini."

Praxeda alikuwa ameshalifikiria hilo. "Nitasaini. Nitaandika kwamba tangu wiki seva ilipofika, mafaili yanatoka haraka. Huo si uongo. Lakini kwanza barua ya Bi Saleha itoke kwenye jalada lake, na ya Rama itoke kwenye lake. Nipewe mkononi zote mbili."

"Hakuna utaratibu wa kuondoa barua."

"Basi na mimi sina utaratibu wa kusaini."

Barua zilitoka baada ya robo saa. Praxeda alisaini, na aliposaini alihisi uchungu mdomoni, kama mtu aliyetafuna kidonge badala ya kukimeza. Kushinda alishinda, lakini sifa nzima ya ushindi ilikuwa ukumbini, nyeusi, haijawashwa. Bi Saleha alipopewa barua yake aliikunja mara nne, akaitia kwenye pochi, kisha akamsukumia Praxeda kipande chake cha keki. Rama alidai ya kwake ibaki nzima, aje awaoneshe wajukuu kwamba aliwahi kuendesha kanzidata.

Wiki tatu baadaye Anold alipiga simu. Alikuwa hospitali nyingine, mkoa wa jirani, na sauti yake haikuwa na suti.

"Dada Praxeda, hawa nao walikuwa na shida kama yenu. Nimewaletea seva. Hii tumeiwasha kabisa, nakuhakikishia. Na bado faili linatoka baada ya dakika nzima. Hivi ninyi mlifanyaje?"

"Si ilikuwa seva?"



Angeweza kumwacha huko. Aliwaza kumwacha huko, na wazo hilo lilikuwa tamu. "Wagonjwa wangapi mabenchini?" aliuliza.

"Sabini hivi. Wengine wako chini. Kuna mama analia hapa."

Praxeda aliuandika ule mstari, mmoja, na juu yake akaongeza maelezo mafupi ya kusomwa na binadamu tu, yale ambayo kompyuta huyaruka: "Tatizo hili liligunduliwa na Bi Saleha, karani wa mapokezi, Tanga. Aliambiwa asiingilie mambo ya kitaalamu." Akamtumia Anold vyote pamoja.

Anold, kama kawaida yake, aliunakili na kuubandika, maelezo na yote, bila kusoma. Halafu akautumia tena kwenye hospitali tatu nyingine.